Maji ya mvua kwenye mradi wa ghorofa, Mbezi: nianze na kibali kipi, na maji yaende wapi?

Mchora_Ramani:
Wakuu, habari za kazi. Kiwanja ni mita za mraba 4,000, kilikuwa na nyasi na minazi. Sasa yanakuja maghorofa mawili ya makazi na maegesho ya pevingi, karibu eneo lote litafunikwa. Mtaro wa barabara uko mbele, kina chake mita 0.8. Ardhi inaanguka kuelekea nyuma kwa mita 1.5, na ukingo wa mto uko mita 70 kutoka mpaka wa nyuma. Mteja anataka maji yote yapelekwe barabarani, ikibidi kwa pampu. Manispaa wamerudisha michoro wakidai mpango wa maji ya mvua. Naomba mwongozo.

Levo_Kwanza:
Mkuu, pampu iondoe kwenye mchoro leo hii. Kona ya nyuma iko chini ya sakafu ya mtaro kwa mita 0.7, kwa hiyo maji hayatapanda yenyewe. Na mvua kubwa ikipiga ndipo umeme unapokatika, pampu inalala na maji yanaingia nyumba za chini.

Peleka mbele kile tu kinachoweza kuteremka chenyewe, mfano nusu ya mbele ya paa, tena kwa barua ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) inayokubali muungano huo. Kama barabara ni ya TANROADS (wakala wa barabara kuu), barua itoke kwao. Kingine chote kirudi nyuma, kipumzike kwenye tenki, kisha kitoke polepole kuelekea mtoni.

Hesabu_za_Mtaro:
Naongezea namba, maana mkaguzi huzitazama kabla ya rangi za mchoro. Kanuni ni Q = C × i × A ÷ 360, ambapo C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni eneo kwa hekta, na jibu Q ni maji yanayotoka, kwa mita za ujazo kwa sekunde. Tuchukue mvua ya milimita 100 kwa saa kama mfano. Kwenye ripoti tumia takwimu za TMA (mamlaka ya hali ya hewa) za kituo kilicho karibu.

Kabla ya ujenzi, C ikiwa 0.3, kiwanja kilitoa lita 33 kwa sekunde. Baada ya zege na pevingi, C ikiwa 0.85, kitatoa lita 94. Ziada ni lita 61 kila sekunde, na mvua hiyo ikidumu dakika 30 unahitaji kuhifadhi mita za ujazo 110. Hilo ni tenki la mita 11 kwa 5, kina cha maji mita 2. Ongeza sentimita 20 chini kwa ajili ya mchanga. Nimepitisha kiwanja kizima kwenye tenki kwa usalama. Ukitoa maji ya mbele bila kuyazuia, basi punguza maji ya tundu la kutokea tenkini kwa kiasi hichohicho.

Tundu lenyewe: sahani ya chuma cha pua iliyotobolewa tundu la kipenyo cha milimita 105, imefungwa kwa bolti ili iweze kufunguliwa. Kwa kina cha mita 2 inapitisha takriban lita 33. Mbele yake weka wavu, maana chupa moja ya maji inatosha kuliziba. Juu ya ukuta acha nafasi ya kufurikia, isiyo na wavu, ielekee njia ileile ya mtoni.

Angalia pia bomba la kuingia tenkini. La milimita 300 kwa mteremko wa asilimia 1 linabeba lita 97, yaani linatosha kwa shida. Fundi akililaza kwa nusu asilimia linabeba 68 tu na chemba zinatapika. Mwekee levo (kimo) ya kila chemba kwenye mchoro, usimwachie akisie kwa macho.

Mchora_Ramani:
Asante sana wakuu. Je, shimo la kunyonya badala ya tenki? Na mtoni naweza kuchimba moja kwa moja?

Levo_Kwanza:
Shimo la kunyonya lipime wakati wa masika. Ukichimba Agosti utalipenda, ukirudi Aprili utakuta maji ya ardhini yamelijaza kabla ya mvua yako.

Kuhusu mto, usichimbe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na zinapimwa kutoka ukingo, siyo katikati ya maji. Tenki lako libaki ndani ya kiwanja. Bomba la kutokea lijadiliwe na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na kama linapita ardhi ya jirani, upate ridhaa yake kwa maandishi. Mwishoni mwa bomba weka gabioni (vikapu vya waya vilivyojaa mawe) na mawe, la sivyo maji yatachimba korongo kurudi kwako.

Kwa mpangilio: sajili mradi NEMC (baraza la mazingira) mapema ujue uko kundi gani kimazingira, pata barua za TARURA na Bodi ya Bonde, ndipo urudi manispaa na michoro yenye levo na hesabu. Ukianzia manispaa bila barua hizo, watakurudisha tena.

Chemba_Safi:
Jambo moja ambalo halijaguswa: tenki lijengwe mwanzo, pamoja na msingi. Wakati wa ujenzi litumike kutuliza tope, kisha lisafishwe kabla ya kufunga ile sahani. Langoni mwaga kokoto kubwa urefu wa mita 10 ili magari yasitoke na udongo kwenye tairi. Na karo la choo lisiungwe humo hata kwa siku moja.

Mchora_Ramani:
Nimeelewa. Naanza kupima upya levo za nyuma kesho asubuhi.