Ziara za nyumba na za utamaduni San Miguel de Allende: zinamfaa mzazi mwenye goti bovu?

BintiWaLangoni

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nimeishi Dallas miaka tisa sasa, na mama yangu yuko kwangu tangu Ramadhani iliyopita. Amechoshwa na barabara pana na maduka makubwa ya Texas, akaniambia kwamba angependa kuuona mji wa watu wa zamani, mji wenye vichochoro. Nimeazimia kumpeleka San Miguel de Allende, katika jimbo la Guanajuato nchini Meksiko, kwa siku nne mwezi wa Novemba.

Nimesoma kwamba kuna ziara za kuingia katika nyumba za watu, kuna za kuzunguka mjini kwa miguu pamoja na mwongozaji, na kuna za kwenda nje ya mji kuona makanisa na mapiramidi. Bei zinapishana mno, lakini maelezo yanafanana, kila mmoja akidai kwamba ndiye aujuaye mji kuliko wenziwe. Ninayotaka kuyajua ni haya. Je, nyumba zinazoonyeshwa ni za kale kweli, au ni za matajiri waliozibomoa ndani wakabakiza ukuta wa mbele? Mama ana umri wa miaka sitini na minane na goti la kushoto linamsumbua; ataziweza njia za huko? Tena hajui Kiingereza wala Kihispania, kwa hiyo kila neno litapita kwangu. Naomba majibu ya waliokwenda, si ya waliosoma kama nilivyosoma mimi.

Mkalimani_wa_Bajio

Waaleikum salaam, dada. Ninaishi Querétaro kwa sababu za kazi, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka San Miguel, na wageni wote wanaonitembelea huishia kunipeleka huko, hata nikiwa nimechoka.

Kuhusu nyumba, jibu la kweli ni kwamba utaona yote mawili, mara nyingi ndani ya nyumba moja. Ili uelewe sababu yake, inabidi uujue mji ulivyofika hapo. Ulianzishwa mwaka 1542 na mtawa Mfransisko aliyeitwa Juan de San Miguel, ukakua kwa kuwa ulikaa kwenye njia ya msafara wa fedha iliyochimbwa Zacatecas na kupelekwa Jiji la Meksiko. Katika karne ya 18 ulikuwa mji tajiri wa sufu, ngozi na biashara, na nyumba kubwa unazoziona leo karibu na uwanja mkuu, ule unaoitwa Jardín, ni za zama hizo. Kisha vikaja vita vya uhuru, migodi ikadorora, na mji ukabaki kama mtu aliyevaa nguo nzuri lakini hana nauli. Umaskini huo ndio uliouhifadhi, kwa maana hapakuwa na mtu mwenye pesa za kubomoa. Mwaka 1937 alifika Mmarekani kutoka Chicago, Stirling Dickinson. Mwaka uliofuata Felipe Cossío del Pomar, msanii wa Peru, akafungua shule ya sanaa katika jengo lililokuwa nyumba ya watawa wa kike, na Dickinson akawa nguzo yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, askari wastaafu wa Marekani waliolipiwa masomo na serikali yao walimiminika huko, kwa sababu posho iliyowatosha kula tu kwao iliwatosha kupanga nyumba nzima San Miguel. Baadhi yao hawakurudi. Waliokaa walinunua magofu, wakayakarabati, na mpaka leo nyumba nyingi za kati ya mji ziko mikononi mwa wageni.

Kwa hiyo ziara maarufu ya nyumba, ile ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiondoka maktaba ya umma Jumapili saa sita mchana, kwa kiasi kikubwa ni ziara ya nyumba za wageni hao. Maktaba yenyewe ilianzishwa miaka ya 1950 na Mkanada, Helen Wale, kwa ajili ya watoto wa mji, na mapato ya ziara husaidia kuwalipia wanafunzi masomo. Hukusanyika watu maktabani, hupandishwa basi, huonyeshwa nyumba mbili au tatu zinazobadilika kila wiki, na maelezo ni ya Kiingereza. Wenye nyumba huzifungua kwa hiari, hawalipwi. Usiende ukitarajia makumbusho. Utaona jiko la kisasa kabisa limewekwa ndani ya chumba chenye ukuta wa unene wa mkono mzima, na mgeni mmoja atamuuliza mwenye nyumba bei aliyonunulia. Huulizwa kila mara, wala sijui kwa nini.

Hata hivyo nadhani mama yako ataipenda kuliko wewe. Nyumba ya huko, ukiitazama barabarani, ni ukuta mtupu wenye mlango mkubwa wa mbao. Mlango ukifunguliwa unaingia katika ukumbi uitwao zaguán, uliotengenezwa upana wa kupitisha farasi na mzigo wake, kisha ghafla unakuta ua wenye chemchemi, miti ya michungwa na vyumba pande zote. Mtu wa Lamu haihitaji tafsiri ya jambo hilo. Atatafuta daka la mlangoni, kiwanda (yaani ua) na msana (ukumbi wa ndani), na atavipata kwa majina mengine.

Ama goti, hapo uwe na tahadhari. Njia zimetandikwa mawe ya mviringo, vijia vya pembeni ni vyembamba na vina vidato vya ghafla, na mji umekaa kwenye mlima, kimo cha mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi nayo hupungua siku ya kwanza. Viatu vya soli nene, fimbo, na teksi kila mnapopanda. Teksi ni nyingi, na hazina gharama kubwa kwa safari za mjini.

FundiMstaafu_Mkunazini

Naomba nichangie kidogo, nikiwa mwashi niliyefanya ukarabati wa nyumba za Mji Mkongwe kwa muda mrefu kabla ya kuhamia kwa mwanangu, California. Nilikwenda San Miguel miaka mitano iliyopita, nikakaa wiki mbili, na karibu muda wote nilikuwa nimeinua shingo.

Ndugu yetu hapo juu amezungumza kana kwamba nyumba iliyokarabatiwa na mgeni ina upungufu fulani. Sikubaliani naye sana. Huko sheria ya hifadhi inalinda sura ya nje, ndani mwenye nyumba ana nafasi zaidi, na ni huko ndani ambako nimeona kazi ya mikono ambayo kwetu imekufa. Mwambie mama atazame dari. Kuna kuba za matofali ya udongo ambazo mafundi wa sehemu zile huzijenga bila mbao za kushikilia chini: fundi anasimama juu ya jukwaa, anapanga tofali dogo moja baada ya jingine kuanzia pembeni, kila moja likishikwa na chokaa na mwenzake, mpaka duara linafunga kichwani pake. Niliwatazama mafundi wawili wakifanya hivyo katika nyumba iliyokuwa bado inajengwa, na wala hawakuwa wakitumia kamba ya kupimia. Nyumba ile haikuwa hata na miaka miwili, lakini ilinifunza kuliko kasri lolote. Kwa hiyo mimi ningesema, muulize mwongozaji ni nani aliyejenga, badala ya kuuliza ni ya mwaka gani.

Tena usimwache mama akaondoka bila kulitazama kanisa la parokia asubuhi na jioni, kwa maana jiwe lake la waridi hubadilika rangi pamoja na jua. Ule uso wake wenye minara iliyochongoka kama mishumaa iliyoyeyuka uliongezwa mwishoni mwa karne ya 19 mbele ya kanisa la zamani zaidi. Aliyeusimamia ni Zeferino Gutiérrez, mwashi mzawa ambaye hakusoma usanifu katika chuo chochote, na inasimuliwa kwamba alijifunza umbo hilo kutokana na picha za makanisa ya Ulaya. Wasomi wengi wameucheka. Mimi nilikaa kwenye benchi pale Jardín chini ya miti iliyokatwa kama masanduku, nikamvulia kofia.

MzeeWaScarborough

Salaam kwenu. Nimezisoma hoja zote mbili na nina la kuongeza, ingawa huenda likaharibu ladha.

Ziara ya nyumba ni nzuri, na fedha zake zinakwenda panapostahili. Lakini uzuri wa ua na chemchemi hauelezi utajiri ule ulitoka wapi. Katika mji ule palikuwa na karakana za kufuma sufu, zilizoitwa obraje, ambamo watu walifungiwa kufanya kazi: wenye madeni, wafungwa, na watumwa, wakiwemo Waafrika na watoto wao. Nilikwenda na mke wangu, tukachukua ziara ya kutembea pamoja na kijana mmoja tuliyempata uwanjani, asiye na kitambulisho chochote, na kwa saa mbili alitusimulia mizimu na mapenzi ya watawa. Nilipomuuliza juu ya Waafrika, alinijibu kwamba hawakuwahi kufika huko. Akanijibu hivyo mbele ya uso wangu huu.

Siku ya tatu tukatembea na kundi la wenyeji na wakazi wa kujitolea, wale wanaoondokea Jardín asubuhi kuchangia matibabu ya watoto wa familia maskini, Patronato Pro Niños. Mwongozaji alikuwa mama wa makamo, Mmarekani. Alitupeleka mbele ya nyumba ya familia ya de la Canal, pale pembeni mwa uwanja, akasema waziwazi kwamba majumba kama lile yalilipiwa kwa sufu, mifugo na jasho la watu wasiokuwa na hiari. Alituambia pia kwamba Miguel Hidalgo, kasisi aliyeanzisha vita vya uhuru, alitangaza kukomesha utumwa mwezi wa Desemba 1810 akiwa Guadalajara, na kwamba aliyeukomesha nchini kote mwaka 1829 ni Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika. Mke wangu alimwomba alirudie jina hilo ili aliandike.

Kwa hiyo, binti yangu, usichague kwa bei. Waongozaji wanaotambulika nchini Meksiko hubeba kitambulisho cha Wizara ya Utalii, na kuomba kukiona si utovu wa adabu. Pia ingieni nyumba aliyozaliwa Ignacio Allende mwaka 1769, mwenzake Hidalgo katika vita hivyo, ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Sasa ni makumbusho ya serikali, na ni nyumba moja ya kale ambayo unaweza kuikagua kwa mwendo wa goti la mama badala ya mwendo wa kundi. Msiende Jumatatu, hufungwa.

BintiWaLangoni

Nawashukuru sana, baba zangu na kaka. Nimemsomea mama majibu yenu yote. Aliposikia habari ya kuba alicheka, akasema kwamba marehemu babu yangu alikuwa mwashi na angempinga huyo fundi wa Mkunazini mpaka alfajiri. Aliposikia maneno ya mzee wa Scarborough alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule kijana bado yupo pale uwanjani.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kati ya mapiramidi na kanisa la Atotonilco, ni lipi linalomfaa? Na kuhusu kuingia Meksiko, mimi nina kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani, mama ana viza ya kutembea tu, na sote wawili tuna pasipoti za Kenya.

Mkalimani_wa_Bajio

Mzee wa Scarborough amenisahihisha kwa haki, na nimeyapokea.

Dada, chukua Atotonilco. Mapiramidi ya Cañada de la Virgen, yaliyofunguliwa kwa wageni mwaka 2011, ni mazuri, ila basi dogo linawashusha njiani, kisha kuna mwendo wa miguu juani, na ngazi zake ni za kumkomesha hata kijana. Atotonilco iko kilomita 14 hivi kutoka mjini, gari linawafikisha mlangoni, na mkiingia hakuna la kupanda. Ilianza kujengwa mwaka 1740 na kasisi Luis Felipe Neri de Alfaro, na kuta zake na dari vimejazwa michoro na maandishi ya Antonio Martínez de Pocasangre, hata jicho halipati pa kupumzikia. Hidalgo na Allende walipita hapo tarehe 16 Septemba 1810, Hidalgo akachukua picha ya Bikira wa Guadalupe ikawa bendera ya uasi. Mwaka 2008 UNESCO iliuorodhesha mji na kanisa hilo pamoja kama Urithi wa Dunia. Kumbuka tu kwamba ni mahali pa toba; mahujaji hufika huko kwa mafungo, na mkiwakuta msiwapige picha. Mtafutieni mama kiti, umtafsirie taratibu.

Mwenye ukazi wa kudumu wa Marekani, au viza ya Marekani iliyo hai, haombi viza ya Meksiko kwa matembezi. Hakikisha tu kwamba viza ya mama ni ya kuingia Marekani mara nyingi, maana tatizo liko kwenye kurudi, si kwenye kwenda. Kutoka Dallas zipo ndege za moja kwa moja hadi León na hadi Querétaro. Mkishukia Querétaro niandikieni mapema. Mke wangu ni mtu wa Pate na hajasikia Kiamu cha mtu mzima tangu mwaka juzi.

FundiMstaafu_Mkunazini

Mwambie mama kwamba ninausubiri huo ubishi, lakini kwanza aitazame dari.