Mnaoandika riwaya za vijana na bado mna kazi, mnapata wapi muda?

Habari zenu wakuu, nipo Nkuhungu hapa Dodoma, mchana niko steshenari usiku naandika riwaya ya vijana, binti wa Kongwa kaja mjini kusoma sekondari. Mwanzo umetoka vizuri ila katikati nimekwama na nikirudi home nimechoka hoi. Nyie mnafanyaje?

zabibu_tamu: Andika alfajiri mkuu, kabla simu haijaanza kelele. Mi ukurasa mmoja tu, hata ukiwa mbovu nauacha, kurekebisha ni Jumamosi. Halafu panda daladala za UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, usikilize madogo wanavyopiga stori, ukirudi soma mazungumzo yako kwa sauti, dogo wa miaka 16 akiongea kama mwalimu mkuu futa hiyo.

mama_wawili: Mdogo wangu huyo binti anataka nini hasa? Na nani anamzuia? Weka mjomba anayelipa ada ambaye anataka aache shule akauze duka lake Majengo, hapo lazima achague, na akichagua tu una sura inayofuata. Wasomaji wa umri huo hawavumilii mhusika anayezurura.

zabibu_tamu: Mama wawili kamaliza. Ukimaliza usiufungie mswada kabatini, kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), riwaya zinapokelewa, na tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell iliyoanza 2014 inapokea hata miswada. Na jitumie kopi kwenye imeili kila wiki, laptopu zinaibiwa sana.