Jirani alinikaribisha chai, sasa ananikwepa. Nihame?

Mnyalu_Ughaibuni: Wakuu, habari za jioni. Niko Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa pili sasa, natunza wazee. Jirani yangu ni bibi mjane, tulikuwa tunaishi kama bibi na mjukuu. Nikiwa zamu ya usiku alikuwa ananitolea pipa la taka barabarani, nikirudi nakuta ameshalirudisha. Wiki tatu zilizopita akanikaribisha chai, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nikaenda, nikanywa, nikashukuru, nikaondoka. Tangu siku hiyo pipa langu halina mwenyewe. Nikimsalimia anajibu "Morning, duck" huku anafunga mlango. Nimekosa nini? Nafikiria kuhama.

Mama Pacha: Pole kaka. Ubaguzi huo, hama. Wa kwangu huku Reading tumetenganishwa na ukuta mmoja miaka minne, jina lake nimelijua siku kifurushi chake kilipoletwa kwangu kimakosa.

Fundi Bomba: Rudi Iringa ulime viazi 😂

Kichwa Kigumu: Subirini kwanza. Huko kaskazini mtu akisema tea, saa kumi na moja, anamaanisha chakula cha jioni, sahani kamili. Dinner ndiyo ya mchana. Hata shuleni akina mama wanaowapakulia watoto mchana wanaitwa dinner ladies. Mtoa mada, mezani kulikuwa na nini? Na ulienda na nani?

Mnyalu_Ughaibuni: Pai ya nyama na viazi, na njegere zilizopondwa. Mimi nilishakula ugali wangu. Nikamwambia nimeshiba, chai inatosha.

Kichwa Kigumu: La pili hujajibu.

Mnyalu_Ughaibuni: Nilienda na wenzangu watatu wa kazini. Kwani kosa? Kwetu ukiitwa chai hakuna anayehesabu vikombe. Nao walikuwa wameshiba, hatukumlia hata kipande. Pai yenyewe ilikuwa ndogo, nadhani ya watu wawili. Tulikaa nusu saa. Isitoshe nimeshapata chumba Leicester, jana nimetoa kishika uchumba kwa mwenye nyumba. Nilitaka tu mnithibitishie.

Bi Hidaya: Basi unaomba ushauri wa nini, mwanangu? Mjane kapika, wanaume wanne mmejaa sebuleni kwake, hakuna aliyeonja hata tonge. Hiyo ni aibu hata Iringa.

Mzee wa Basi: Wageni tunateseka. Mwaka wangu wa kwanza Leeds kila mtu akinipita ananiuliza "You alright?" Nikaanza kujitazama kwenye kioo, labda naumwa. Siku moja kituoni nikamweleza bwana mmoja habari za mgongo, kukosa usingizi na deni la shemeji. Kumbe ni salamu tu, unajibu "alright" unapita. Kwa ustaarabu wake alinisikiliza mpaka basi likamwacha.

Mama Pacha: Leicester mtaa gani? Dada yangu anapangisha.

Mpelelezi Namba Moja: Jamani, hii ni CHAI. Nimekaa Barnsley miaka sita. Dereva wa basi, muuza nyama, mzee mwenye mbwa, wote wananiita love. Duck ni ya Stoke, Derby na Nottingham. Huyu yuko Mbagala anamalizia bando la usiku.

Fundi Bomba: Uzi wa chai kuhusu chai 😂😂😂

Bi Hidaya: Na mimi nimeshamwonea bibi wa watu huruma!

Mnyalu_Ughaibuni: Nidanganye ili nipate nini? Bibi kwao ni Stoke, aliolewa huku na mchimba makaa ya mawe. Marehemu alikuwa kwenye ule mgomo wa 1984 hadi 1985, picha yake iko juu ya meko. Tena siku ya kwanza alipokuja kwangu, kabla sijammiminia, alikigeuza kikombe akachungulia chini. Nilidhani anatafuta uchafu.

Babu Vyombo: Hapo kwenye kikombe nimemwamini. Nimeishi Stoke. Ni mji wa vyombo vya udongo, Wedgwood na Spode ni za huko, na wenyeji hata wakialikwa harusini hugeuza sahani kusoma muhuri wa kiwanda. Hilo hulitungi ukiwa Mbagala. Ila mtoa mada, fikiria: kwenye mgomo ule, wake za wachimbaji walipika kwenye majiko ya pamoja, watu wakala humo karibu mwaka mzima. Kama bibi yako alikuwa mmoja wao, wewe ndiye umemwambia umeshiba.

Mpelelezi Namba Moja: Namwomba radhi bibi. Mtoa mada bado ana kesi.

Kichwa Kigumu: Kagonge mlango kesho saa kumi na moja. Peke yako, na njaa.

Mnyalu_Ughaibuni: Kesho nina zamu. Halafu mwenye nyumba wa Leicester anasema hela hairudi.

Mnyalu_Ughaibuni: Mrejesho mfupi. Leo asubuhi nimekuta pipa lake limebaki nje, nimelirudisha. Sijagonga.

Fundi Bomba: Ungegonga bwana! Au ulishakula?