Mrejesho: Kupoozesha wahusika wa wachezaji

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama ni haki kwa msimamizi wa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons kumpoozesha mhusika kwa uchawi wa Hold Person, ilhali mchezaji wake anabaki kutazama wenzake wakipigana.

Nilianza na ushauri wa kuzungumza na wachezaji kabla ya kikao, nao wakanieleza kwamba kinachowakera ni zamu kupita bila wao kuamua lolote. Kanuni za toleo la 5 humpa aliyepooza nafasi ya kurusha dadu tena ili ajinasue mwishoni mwa kila zamu yake, na uchawi huo huvunjika iwapo mrogaji, yaani adui aliyeurusha, atapoteza umakini, kwa mfano akipigwa. Kwa hiyo sasa namweka mrogaji mahali anapofikika, na wenzake aliyepooza humkimbilia mrogaji huyo wamvuruge badala ya kungoja bahati ya dadu. Hilo ndilo lililofaulu zaidi.

Pendekezo la kumkabidhi mchezaji aliyekwama adui mmoja amwendeshe lilifaulu nusu tu: mmoja alilifurahia, kupita kiasi kwa maoni ya wenzake, na mwingine alikataa kabisa kuwashambulia marafiki zake.

Ambalo bado tunabishania ni kanuni inayozidisha mara mbili dadu za madhara kila aliyepooza anapopigwa kwa karibu. Kwa sasa tumeiacha ilivyo, ila maadui wasio na akili ya kivita hawamwandami aliyepooza kwa makusudi.