Visu vyangu vya stenlesi vimeota kutu, ni feki?

Habari zenu wapendwa. Niko Tanga, maji yetu ya kisima yana chumvi. Nilipoolewa mama alinipa seti ya vijiko, uma na visu, nikaitunza kabatini miaka sita. Idi hii nikaitoa, na usiku nikailoweka kwenye beseni la maji na dawa ya madoa ya nguo. Asubuhi visu vina vidoa vya kahawia, vidogo kama ufuta, na vijiko viwili vina rangirangi ya upinde wa mvua. Imeniuma mno.

JIBU: Pole dada. Si feki. Stenlesi inakingwa na utando mwembamba sana unaotokana na kromiamu, na klorini ya dawa ile pamoja na chumvi huutoboa. Visu huanza kwa sababu chuma chake hutengenezwa kigumu kishike makali. Vijiko vilivyogongwa 18/10 vina kromiamu asilimia 18 na nikeli 10, vinastahimili zaidi. Koroga bikabonati ya soda na maji kidogo iwe nzito, sugua kwa kitambaa laini. Stilwaya usiiguse!

JIBU: Rangirangi futa kwa siki, suuza. Mimi, shoga, siachi kikauke chenyewe: nafuta kimojakimoja kwa kanga kuukuu.

MUULIZAJI: Asanteni. Kutu imetoka. Kisu kimoja kimebaki na vishimo viwili karibu na mpini, nikipitisha ukucha navisikia.

JIBU: Hivyo havizibiki, ila kisu bado kinafaa. Kiweke kikavu tu.