Bodi ya ESP32 inagoma kuwaka umeme ukirudi, nikibonyeza kitufe cha EN (cha kuanzisha upya) inaamka. Nifanyeje?

Mtotoleshaji: Wakuu, habari zenu. Nimeunda kidhibiti cha mashine ya kutotoleshea mayai kwa ESP32 ya pini 30, bodi ndogo ya kompyuta yenye waifai. Ina sensa ya joto na unyevu ya DHT22 na rilei (swichi za umeme) mbili za volti 5, moja ya taa, nyingine ya feni. Bodi inakula kwenye chaja ya simu, rilei zinakula kwenye bodi. Mezani ilifanya kazi wiki nzima bila kukohoa. Bandani, umeme ukikatika na kurudi, mara inawaka, mara inabaki taa nyekundu tu mpaka nibonyeze EN mara mbili tatu. Ikiwaka nayo, ikifika kwenye waifai inajizima na kuanza upya. Nimebadilisha bodi, yaleyale. Mayai yana siku 9 na mimi nalala bandani.

Sakiti255: Zima kigunduzi cha volti ndogo kwenye kodi, mstari mmoja tu. Yangu ilitulia.

MzeeWaSolda: Hapo utakuwa umemfunga mbwa mdomo ili asibweke wezi wakipita. Mtotoleshaji, mezani rilei zilikuwepo? Ziko pini gani? Na chomeka laptop utuwekee inachoandika.

Mtotoleshaji: Shikamoo mzee. Mezani hazikuwepo. Taa iko GPIO12 (pini namba 12 ya chipu), feni GPIO26. Mara inaandika "Brownout detector was triggered" (volti imeshuka mno), mara "flash read err, 1000" (imeshindwa kusoma kumbukumbu).

MzeeWaSolda: Marahaba. Una magonjwa mawili, ndiyo maana yanakuchanganya.

Hiyo "flash read err" ni GPIO12. Chipu ikiamka huisoma pini hiyo ili ijue kumbukumbu yake itumie volti ngapi. Ikiikuta juu, yaani ina volti, inachagua 1.8 badala ya 3.3, programu haisomeki. Rilei za Kichina zinazowaka kwa kushushwa chini huivuta pini juu kupitia taa zake ndogo, na volti inayofika ni ya katikati, si juu wala si chini. Ndiyo maana leo inawaka, kesho inagoma. Hamishia GPIO25.

La pili ni umeme mdogo. Waifai ikirusha, chipu inavuta ghafla mamia ya miliampea, na kila rilei inakula kama 70. Kebo nyembamba inaangusha volti, na AMS1117, kipunguza volti cha kwenye bodi, inataka zaidi ya volti 4 ili itoe 3.3. Usiiamini mita ikikuonyesha 4.8, mdondoko ni wa kufumba na kufumbua, haiuoni. Tafuta kebo fupi nene, rilei zipe chaja yake, GND (nyaya za hasi) uziunganishe.

BintiVolti: Ongeza kapasita (kihifadhi chaji) ya mikrofaradi 470 kati ya 5V na GND. Angalia mguu hasi, mimi nilishalipua moja.

Mtotoleshaji: Nimehamisha pini na kubadili kebo. Nimechomoa na kuchomeka mara 20, imewaka zote. Waifai imejizima mara moja tu, rilei zilipowaka pamoja. Kesho chaja ya pili na kapasita. BintiVolti, ya volti 16 inafaa?

BintiVolti: Inafaa sana.