Eti "huo ni ubavu, kaka"! Na hata shati sijavua

Wakuu, ndiyo natoka hospitali sasa hivi, naandika nikiwa kituoni na mikono inatetemeka kwa hasira. Yule daktari mnamjua. Chumba cha mwisho, miwani utosini, simu sikioni. Usijifanye humjui, wewe nawe alishakuandikia dawa ya minyoo.

Nina uvimbe ubavuni kushoto, hapa mbavu zinapoishia. Ulianza kama harage, sasa hivi ni ndimu kabisa. Nimekaa kwenye benchi mpaka nimezoeana na buibui wa darini. Naingia, jamaa anabishana na mtu bei ya tofali. Nikamwonyesha kwa kidole juu ya shati. Hakuinuka, hakugusa. Akaziba simu kwa kiganja: "Huo ni ubavu, kaka. Niitie anayefuata."

Ubavu! Karibu watu wote tuna jozi 12, leo mimi ndiyo nimepewa wa nyongeza, tena upande mmoja? Ubavu gani unateleza ukiubonyeza? Na nesi akacheka! Nimelipa hela ya kumuona daktari, yeye mwenyewe hajaniona.

"Huo ni ubavu, kaka." Kaka yake nani?

Mzee wa Kijiweni: Adamu alitolewa mmoja, wewe umerudishiwa. Shemeji yupo salama?

Kofia Nyekundu: Weka picha, la sivyo uzi ufungwe.

Bibie wa Mtaa: Nimecheka kama mazuri 😂 Tofali lenyewe alipata bei gani?

Zamu ya Usiku: Acheni utani. Mkuu, uvimbe wa mafuta huwa laini, unateleza chini ya ngozi, na mara nyingi hauna madhara. Ila ukiwa mgumu, haujongei, unauma, umezidi sentimita 5 au unaendelea kukua kama huo wako, usikae nao. Nenda kwingine, wakupige utrasaundi, ikibidi wachukue kinyama wakapime. Kwa macho tu, tena juu ya shati, hakuna anayeweza kujua.

Mleta uzi: Ubarikiwe. Sasa si angesema hivyo? Yeye huo ni ubavu!

Mama Wawili: Afadhali wewe umefika chumbani. Mimi nilimpeleka mtoto anakohoa, naambiwa mtandao uko chini, kadi ya bima haisomi. Kikohozi kimeponea kwenye foleni.

Kofia Nyekundu: Na dirisha la dawa je? "Hiyo haipo, kanunue hapo nje." Hapo nje nako chenji unapewa panadol.

Mzee wa Kijiweni: Panadol una bahati. Duka la kwetu chenji ni pipi, na mimi meno sina.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye ubavu.

Bibie wa Mtaa: Subiri kidogo mkuu. Kuna kondakta wa Mbagala amekaa na mia tano yangu tangu asubuhi, eti "dada nakuja".

Mama Wawili: Mfupi, ana jino la dhahabu? Yangu ni elfu nzima!